Siku Tano Pisa, Mnara Nimeupa Mgongo

Siku ya kwanza, 21 Machi

Treni ya kutoka Florence ilinishusha Pisa Centrale saa nne asubuhi, begi moja mgongoni na mafua niliyotoka nayo Bologna. Sijatoka hata nje ya stesheni, simu ikalia. Ujumbe wa sauti kutoka Bagamoyo, kwa mjomba wangu. Mjomba ni fundi mwashi, anajenga nyumba tangu mimi sijazaliwa, na tangu nimwambie nakwenda Pisa, mji wa ule mnara maarufu ulioinama, ana swali moja tu: "Mjomba, huo mnara bado umesimama? Na hao mafundi, timazi hawakuwa nalo?" (Kwetu mjomba na mpwa wake huitana jina moja, msije mkachanganyikiwa.)

Timazi walikuwa nalo. Ardhi ndiyo iliyowaangusha: mchanga na udongo laini ulioletwa na mto Arno, na juu yake msingi wa kina cha mita tatu tu. Walianza 1173, wakafika ghorofa ya tatu, mnara ukaanza kulala. Nilimjibu hivyo huku natembea, nikamwongezea jambo ambalo wengi wanalisahau, kwamba mnara ule ni wa kengele, na kengele ni za kanisa. Kanisa ndilo kaka mtu, limeuzidi mnara kwa zaidi ya miaka mia. Mimi nimefuata kanisa.

Kutoka stesheni ni mwendo wa chini ya nusu saa kwa miguu. Unavuka Arno kwa daraja la Ponte di Mezzo, unapita Borgo Stretto chini ya baraza zenye matao, unapinda vichochoro kadhaa, halafu ghafla uwanja wa majani mabichi na juu yake majengo meupe kama yameanikwa yakauke. Kila mtu amenyoosha mikono hewani ili apigwe picha anauzuia mnara usianguke. Ukiwatazama kutoka pembeni, pasipo mnara nyuma yao, wanafanana kabisa na abiria wanaosukuma daladala iliyozimika.

Niliwapita, nikaenda kusimama mbele ya uso wa Kanisa Kuu la Santa Maria Assunta. Chini kuna matao saba, milango mitatu ndani yake. Juu kuna safu nne za vibaraza vyenye nguzo nyembamba, moja juu ya nyingine, zikipungua kufuata paa. Marumaru ni nyeupe na ya kijivu, kwa mistari, na ndani ya matao wamepachika maumbo ya almasi kwa mawe ya rangi, kazi ndogo ndogo ambayo huioni mpaka usogee. Ukuta huu ni wa fundi wa pili, Rainaldo, aliyerefusha kanisa katika karne ya 12. Amejiandikia jiwe linalomwita mtenda kazi mwenye busara na fundi mwenyewe. Unyenyekevu haukuwa desturi ya mji huu.

Fundi wa kwanza yumo humo humo ukutani. Tao la mwisho upande wa kushoto lina jeneza la jiwe: ni kaburi la Buscheto, aliyeanza kazi mwaka 1063. Maandishi ya Kilatini yanamlinganisha na watu wa hadithi za Kigiriki, Ulysses kwa akili na Daedalus kwa ufundi. Mengine yanasema mzigo ambao ng'ombe elfu waliofungwa nira wangeukokota kwa shida, na ambao meli iliubeba baharini kwa taabu, Buscheto aliupanga hata wasichana kumi wakauinua.

Nilimtumia mjomba. Jibu likaja nikiwa bado nimesimama pale: "Hao wasichana kumi ni kapi tu. Nipe kapi nne na kamba nzuri, mzigo huo hata shangazi yako anauvuta." Nadhani ana haki. Ila nimependa kwamba mji ulimzika fundi ukutani mwa kazi yake, mahali ambapo kwingine angewekwa askofu au mfalme.

Ukutani hapo hapo kuna jiwe jingine, nalo ndilo lililonikalisha kitako. Linasimulia kwamba mwaka 1063 meli za Pisa zilikwenda Palermo, iliyokuwa chini ya Waislamu, zikakata mnyororo wa bandari na kuteka meli kubwa sita zilizojaa mali. Tano walizichoma moto. Moja waliiuza, na kwa bei yake kuta hizi zikainuliwa. Jiwe linasema hivyo waziwazi. Nimeona mali ya wizi nyingi katika majumba ya makumbusho ya Ulaya, lakini mwizi aliyebandika risiti mlangoni ni huyu wa kwanza.

Siku ya pili, 22 Machi

Mvua. Kuingia kanisani ni bure ila lazima uwe na tiketi yenye saa, na saa yangu ilikuwa imepita kwa sababu nilikaa kunywa chai ya tangawizi kwa ajili ya mafua. Nikachukua nyingine, nikasubiri chini ya mwamvuli wa kijana wa Kisenegali aliyekuwa akiuza miamvuli. Tulisalimiana "salaam aleikum", tukaishia kuongea Kiitaliano kibovu, chake kikiwa na nafuu kuliko changu. Aliniuliza kama nimeupanda mnara. Nilipomwambia sitaupanda, aliniangalia kama mtu aliyekwenda Makka akabaki hotelini.

Ndani ni nguzo. Ukumbi wa kati ni mpana, na kila upande una njia mbili za pembeni, kwa hiyo popote uliposimama unaona safu nyuma ya safu, graniti kwa graniti. Ukisogea hatua moja, mstari mpya unafunguka na mwingine unajifunga. Nilishawahi kuchezewa namna hiyo mahali pamoja tu, kwenye Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, nilipokwenda na darasa langu nikiwa kidato cha pili. Vichwa vya nguzo vina majani yaliyochongwa kwa mtindo wa Kirumi, na baadhi ya mawe ni ya Kirumi kweli, yamechukuliwa kwenye majengo ya kale yaliyokufa. Hata kwenye kuta za nje unakuta jiwe lenye herufi za watawala wa Roma limepachikwa katikati ya mawe mengine kama tofali la kawaida. Juu ya matao, vibaraza vya ndani vina mistari myeupe na myeusi.

Katikati, mahali mikono ya msalaba inapokutana, kuba si la duara. Ni la yai. Ukumbi mrefu ni mpana kuliko ule wa kukata, hivyo pembe nne zinazobeba kuba zinatengeneza mstatili, na fundi ikabidi avute duara lake lifuate. Mjomba alitaka picha tano za hapo na akanyamaza saa nzima. Halafu: "Aliyechora hilo hakulala usingizi."

Dari ni la mbao lililopakwa dhahabu, zuri, lakini limechelewa kwa miaka mia tano na zaidi. Tarehe 25 Oktoba 1595 kanisa liliungua, paa likaja chini, milango ya shaba ya mbele ikaharibika. Dari tunaloliona liliwekwa baada ya hapo, na ngao za ukoo wa Medici, watawala wa Florence, zimo, maana kufikia wakati huo Pisa ilikuwa mali ya Florence. Kilichonusurika ni mozaiki ya Kristo juu ya madhabahu. Uso wa Mtakatifu Yohana upande wake wa kulia, unapotazama, ulitengenezwa na mchoraji Cimabue mwaka 1302, mwaka aliofariki. Nilikodoa macho mpaka shingo ikauma. Vipande vya kioo vinang'aa mshumaa unapotikisika, vinazimika, vinang'aa tena.

Halafu mimbari ya mchongaji Giovanni Pisano. Kwa muda niliokaa hapo, mlinzi alianza kunizunguka. Aliichonga kati ya 1302 na 1310, ukumbi mzima wa watu wadogo wa marumaru wanaosukumana: wachungaji, farasi, akina mama wanaolia watoto wao waliouawa na Herode, waliohukumiwa wakivutwa kwa nywele. Paneli zenyewe zimepinda kidogo nje, kama tumbo linalovuta pumzi. Chini nguzo nyingine zinasimama juu ya simba, na nguzo nyingine si nguzo bali ni watu, mmojawapo Hercules, shujaa wa hadithi za Kigiriki, akiwa uchi na rungu lake, ndani ya kanisa, bila mtu kushtuka.

Kuizunguka chini kuna maandishi marefu ambamo Giovanni anajisifu, kisha anaanza kulalamika. Kwamba kadiri alivyofanya makubwa ndivyo alivyozidi kutendewa uadui. Fundi anayeandika malalamiko yake kwenye mimbari ya kanisa kuu! Na baada ya moto wa 1595 mimbari ilibomolewa ikawekwa kando vipande vipande, na haikuunganishwa tena hadi 1926. Zaidi ya miaka 300 stoo. Alikuwa na sababu ya kulalamika, ila aliwahi mno.

Taa kubwa ya shaba inayoning'inia ukumbini kila mwongozaji anaitaja kuwa ndiyo iliyomfundisha Galileo, mwanasayansi mzaliwa wa mji huu, mwendo wa pendulumu. Taa hii imetengenezwa 1587, na hadithi inasema Galileo aliitazama 1583. Nimeisikia ikisimuliwa kwa lugha nne leo.

Siku ya tatu, 23 Machi

Asubuhi yote kwenye makumbusho ya kanisa, mita chache kutoka mnarani. Wageni watatu tu, mimi nikiwemo.

Kuna mlango wa shaba wa fundi Bonanno, wa mwaka 1180 hivi, ulioponea ule moto kwa sababu ulikuwa upande wa pili, unaotazama mnara. Manabii wanatembea chini ya mitende. Pisa haina mitende ya kuzungumzia, lakini ilikuwa na meli.

Ila mimi nilikuja kumwona mnyama mmoja. Ni grifoni wa shaba, mwenye kichwa cha ndege, mabawa, na mwili wa mnyama wa miguu minne, urefu unaozidi mita moja. Alikaa juu ya nguzo kwenye paa la kanisa, upande wa madhabahu, akipigwa na jua na mvua hadi mwaka 1828 aliposhushwa. Pale juu sasa yupo pacha wake wa kuiga. Na huyu grifoni ni Mwislamu, kama shaba inaweza kuwa na dini. Alitengenezwa katika nchi za Kiislamu kwenye karne ya 11 au ya 12. Wataalamu wanabishana: Andalusia, Misri, Sisilia. Alivyofika Pisa hakukuandikwa, lakini ukishasoma lile jiwe la mlangoni unaweza kukisia.

Kwa karibu, mwili wote umenakshiwa. Mgongoni amevalishwa kama tandiko lenye miduara, manyoya ya shingo yamepangwa kama magamba ya samaki, mapajani wamechorwa wanyama wadogo. Kuzunguka kifua na mbavu kuna mkanda wa maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu. Nilimpigia mjomba picha ya video ili asome, maana madrasa amekaa miaka mingi kuliko mimi. Akasogeza miwani, akakunja uso. "Hizi herufi hazina nukta, mjomba. Zimesimama kama fito za ukuta wa udongo. Nisomee wewe uliyeenda shule."

Nilikuwa nimenakili kwenye daftari namna wataalamu wanavyoyasoma. Nikaanza kwa sauti ya chini, mlinzi yuko karibu: *baraka kamila, wa niʿma shamila*. Baraka kamili na neema. Kisha *salama daʾima*. Salama ya daima. Kisha *ʿafiya kamila*. Afya kamili. Na saada. Na mwisho, *li-sahibihi*, kwa sahibu wake, yaani mwenye mali.

Mjomba alikuwa amenyamaza. Nami nilikuwa nimenyamaza, kwa sababu nilikuwa nimetoka kusoma maandishi ya miaka karibu elfu kwa mnyama wa shaba nchini Italia, na maneno ambayo sikuwa nayajua kabla hayakufika matatu. Yale mengine ndiyo ambayo bibi yangu alinitamkia akinisindikiza uwanja wa ndege.

"Sahibu wake nani sasa?" mjomba akauliza.

Ndilo swali. Aliyeagiza kazi hiyo alikuwa na nyumba mahali fulani, pengine kasri, na alitaka apate baraka, afya na salama. Hakuandikwa jina. Akaporwa, au akauza, au mwanawe akauza. Na mnyama akawekwa juu ya paa la Bikira Maria, akaendelea kumwombea sahibu wake kwa Kiarabu karne baada ya karne, na chini yake mapadri wanasoma misa kwa Kilatini, bila shaka wakijua sura yake na wasijue anachosema.

Anachosema kwa maneno, yaani. Ndani ya mwili wake kuna chombo cha shaba kilichofichwa, kama bakuli, na wanaomchunguza wanaamini kilikuwa cha kutoa sauti. Kwa hiyo inawezekana upepo wa baharini ulipopanda, grifoni alinguruma juu ya mji.

Mchana nikaingia Camposanto, makaburi yaliyozungushiwa kuta upande wa kaskazini wa uwanja. Julai 1944 kombora liliwasha paa, madini ya risasi yaliyoliezeka yakayeyuka na kutiririka juu ya picha za ukutani. Picha hizo zinastahili andiko lao peke yake, ukianza na ile kubwa ya Ushindi wa Mauti. Mimi nilitafuta minyororo tu. Ipo, imening'inizwa ukutani, mizito, yenye kutu. Mwaka 1284 Genova iliwapiga Wapisa vitani baharini huko Meloria na kuchukua maelfu ya mateka, na 1290 wakaja kuibomoa bandari yenyewe na kubeba mnyororo wake. Vipande vyake vilitundikwa Genova. Walivirudisha 1860. Waliokata mnyororo wa Palermo wakakatiwa wa kwao.

Ndipo nikakumbuka tarehe za jana. Meloria 1284, mimbari 1302. Giovanni alichonga ile mimbari, na Cimabue akapanga ule uso wa Yohana, mji ukiwa umeshapigwa.

Siku ya nne, 24 Machi

Nilikosa basi la kwanza la kuelekea Marina di Pisa kwa sababu nilikuwa dirishani nakula cecina, mkate mwembamba wa unga wa dengu unaokatwa ukiwa moto na kunyunyiziwa pilipili manga. Ukifumba macho ni bajia iliyolazwa. Sikujuta.

Basi la pili likanishusha San Piero a Grado, kilomita chache nje ya mji. Mapokeo yanasema hapa ndipo Mtume Petro aliposhukia alipofika Italia. Jina lenyewe linakumbuka ngazi za gatini. Leo hakuna gati, hakuna bahari, kuna mashamba na barabara. Arno imekuwa ikishusha tope lake miaka yote hiyo na kuisukuma pwani mbali. Pisa iliyokuwa na meli za kuivamia Palermo sasa iko kilomita kumi kutoka majini. Kwetu Kaole mikoko iliifunga bandari, watu wakahamia Bagamoyo, msikiti na makaburi vikabaki. Hapa limebaki kanisa lenye ncha mbili: upande wa mashariki lina kuta tatu za nusu duara za madhabahu, na upande wa magharibi, ambako ungetarajia mlango mkuu, lina jingine. Unaingilia ubavuni.

Nje, chini ya mchirizi wa paa, niliviona nilivyovifuata. Bakuli. Bakuli za kulia chakula, za udongo wenye vanishi ya rangi, zimepachikwa ukutani zikitazama nje kama macho. Hizi ni nakala. Za asili ziko mjini, na nyingi zilitoka Tunisia, Misri, visiwa vya Balearic na Sisilia, kwa meli za biashara. Makanisa mengi ya Pisa yalipambwa hivyo.

Mtu yeyote aliyefika kwenye makaburi ya nguzo ya Kunduchi anajua nilichohisi. Pale ni kaure za China, hapa ni bakuli za Waarabu, lakini wazo ni lile lile: sahani iliyovuka bahari haiwekwi kabatini, inajengewa ukutani ili kila apitaye ajue kwamba hapa meli zilikuja. Hakuna aliyemwiga mwenzake. Nadhani ni tabia ya watu wa bandari tu.

Jioni niliwahi makumbusho ya San Matteo, kando ya mto, wanakohifadhi zile za asili. Bakuli moja ina meli, imechorwa kwa rangi ya buluu na kahawia, tanga la pembetatu limejaa upepo. Kwa macho ya mtoto wa pwani, lile ni tanga la jahazi. Nilitaka kumwonyesha mjomba ila chaji iliisha.

Siku ya tano, 25 Machi

Leo Pisa ni mwaka mpya. Zamani mji huu ulianza mwaka wake siku ya Bikira Maria kupashwa habari, miezi tisa kabla ya Krismasi, kwa hiyo kalenda yao ilitangulia ya wengine. Iliendelea hivyo mpaka 1749. Ndiyo maana kanisa lile lile vitabu vingine vinasema lilianza 1063, vingine 1064.

Kanisani kulijaa. Maandamano ya watu waliovaa mavazi ya kale yaliingia na ngoma. Mchana, mwali wa jua hupenya kwenye dirisha la duara upande wa kusini na kutua juu ya yai la marumaru lililowekwa kwenye nguzo karibu na mimbari ya Giovanni. Ukitua, mwaka umeanza.

Nilikuwa nimejipanga vizuri toka saa tano. Ilipokaribia, simu mia mbili zikanyanyuliwa mbele yangu. Mwali nimeuona, siwezi kusema sikuuona, lakini niliuona kwenye kioo cha simu ya mzee mmoja mfupi aliyekuwa mbele yangu, kidoa cheupe kikitambaa polepole juu ya jiwe la kijivu, mkono wake ukitetemeka, na yai likiingia na kutoka kwenye picha. Tarumbeta zikalia. Mzee akageuka akanipa mkono, akanitakia heri ya mwaka mpya, nami nikamjibu.

Stesheni nikawasha simu. Ujumbe wa mjomba ulikuwa wa tangu jana usiku: "Mjomba, yale maneno ya mnyama nitumie yameandikwa vizuri, herufi zenye nukta. Kuna mteja hapa anachongewa mlango, anataka maandishi kizingiti cha juu, nimemwambia ninayo. Ila pale kwenye sahibu, uniambie, tuweke jina lake au tuache hivyo hivyo?"